Zimeni taa, watoto walale: barua ya wazi kwa wasimamizi wa shule za bweni Nyanda za Juu Kusini

Kamwene. Shikamooni mlionitangulia kwa umri, na salamu kwenu wengine wote: wakuu wa shule za bweni, wajumbe wa bodi, maofisa elimu na wathibiti ubora wa shule wa Mbeya, Iringa, Njombe na mikoa jirani.

Nimekuwa matroni wa shule za wasichana kwa miaka 14, yote hapa hapa Nyanda za Juu Kusini, na sasa nimestaafu. Nawaandikia kuhusu swichi ya taa ya bweni. Naomba izimwe watoto wanapolala. Najua ombi hili linaonekana dogo mbele ya watu wanaohangaika na upungufu wa maji na walimu wa hisabati, lakini nimekaa nalo muda mrefu, na mabinti walioniita mama hawana mahali pa kulipeleka.

Shule ya kwanza niliyofanyia kazi sitaitaja. Bweni nililokabidhiwa lilikuwa na vitanda 40 vya dabo deka, wasichana 80, na tubulaiti 6 nyeupe darini. Usiku wa kwanza nilimuuliza mwalimu wa zamu taa zinazimwa saa ngapi. Akanijibu, "Hizo hazizimwi, matroni. Ni usalama." Sikubishana naye. Saa 7 usiku nikapita katikati ya vitanda kuhesabu watoto. Wa vitanda vya chini walikuwa wamening'iniza kanga na mashuka ubavuni mwa kitanda, kila mmoja amejitengenezea pango lake dogo. Wa juu hawakuwa na pa kuning'iniza kitu. Walikuwa wamejigubika blanketi mpaka utosini, wote, mstari mzima, na kwa kuwa ilikuwa Julai na baridi ya huku mnaijua, nikadhani ni baridi.

Oktoba ikaja na joto lake. Usiku mmoja nikapita tena, nikakuta blanketi ziko pale pale juu ya vichwa, watoto wanatokwa jasho. Binti mmoja wa kidato cha pili alikuwa amejifunga sweta la shule machoni, mikono ya sweta imefungwa fundo kisogoni. Nilimgusa bega nimfungue nikihofia atakabwa. Akafumbua macho, akayafumba haraka, akaniambia, "Matroni, usinifungue. Taa."

Mtoto huyo huyo nilikuwa nimempeleka zahanati mara mbili muhula ule kwa sababu ya kusinzia darasani. Tulidhani ni malaria, vipimo vikatoka safi. Tukadhani ni upungufu wa damu, nao haukuwapo. Mwalimu mmoja alikuwa akimpigisha magoti mbele ya darasa ili usingizi umtoke. Kitanda chake kilikuwa cha juu, tubulaiti ikiwa juu ya uso wake, karibu kiasi kwamba angenyoosha mkono angeigusa.

Tangu usiku ule nilianza kusoma kila nilichokipata kuhusu mwanga na usingizi, na nitawaeleza nilichokielewa kwa lugha ya matroni.

Jicho lina seli ambazo kazi yake si kutuonyesha vitu. Mwaka 2002, David Berson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walieleza jinsi seli hizo zinavyohisi mwanga zenyewe, bila kutegemea zile za kuonea. Zinapima tu kama mwanga ni mwingi au mchache, na mwanga unaozichokoza zaidi ni ule wenye bluu nyingi, kama wa mchana. Hata baadhi ya watu waliopofuka wanazo zinazofanya kazi. Habari zake hupelekwa kwenye kituo kidogo ndani ya ubongo, chenye seli kama 20,000, na kituo hicho ndicho saa ya mwili. Saa hiyo ikiambiwa giza limeingia, huiruhusu tezi moja katikati ya ubongo kutoa homoni iitwayo melatonini. Jina la kitaalamu la tezi hiyo limetokana na umbo lake, mfano wa yale matunda makavu ya miti ya paini ambayo ndugu zetu wa Mufindi wanayajua vizuri, ila yenyewe ina ukubwa wa punje ya mchele.

Melatonini ilitambuliwa mwaka 1958 na Aaron Lerner, daktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Yale. Haimpigi mtu usingizi kama kidonge. Kazi yake ni ya mpiga mbiu: hupita na damu mwili mzima ikitangaza kwamba usiku umeingia, joto la mwili lishuke, kila kiungo kishike kazi ya usiku. Kwa miaka mingi wataalamu walifikiri mbiu hii hukatizwa na mwanga kwa wanyama tu, mpaka mwaka 1980 Alfred Lewy na wenzake walipoonyesha kwamba mwanga mkali usiku huizima kwa binadamu pia.

Hapa niruhusuni nitoke kidogo kwenye maabara. Nani kati yetu hana jirani anayefuga kuku wa mayai? Mfugaji anajua kwamba akiwasha taa jioni mpaka kuku wapate saa 16 za mwanga kwa siku, mayai yanaongezeka. Hajasoma habari za tezi, lakini anajua taa si pambo la banda. Ni kitu kinachoingia mwilini mwa kuku na kuubadilisha. Anaihesabu saa kwa saa kama anavyohesabu pumba. Kwa kuku tuna hesabu hiyo. Kwa binti wa miaka 14 tunawasha jua likizama na kuzima kukicha.

Mtaniambia, mtoto akifumba macho mwanga haumpati. Unampata. Kope ni ngozi nyembamba, na sehemu ya mwanga hupenya. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern kule Chicago walitoa matokeo ya jaribio dogo la vijana 20 wenye afya njema. Nusu yao walilazwa usiku mmoja katika chumba chenye mwanga wa luksi 100 (luksi ni kipimo cha mwanga), kiasi cha chumba chenye taa ya kawaida darini, na wenzao katika mwanga hafifu. Waliolala kwenye taa walilala, macho yamefumba. Lakini mioyo yao ilidunda kwa kasi zaidi usiku, na asubuhi miili yao ilipata taabu zaidi kuitumia insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, kuliko ya wenzao. Ni usiku mmoja tu. Sisi tunawalaza watoto hivyo muhula baada ya muhula, miaka minne, na wanaoendelea kidato cha tano na sita, miaka sita.

Ili mwone luksi 100 ni nini: mbalamwezi ya mwezi mpevu, ile inayotuwezesha kutembea njiani bila tochi, haifiki luksi 1. Mimi nilipanda kitanda cha juu na programu ya simu ya kupimia mwanga. Simu si kipimo cha maabara, lakini ilisoma zaidi ya 200. Kitanda cha chini, nyuma ya kanga, ilisoma 15. Kwa hiyo katika bweni moja tulikuwa na watoto wa aina mbili, na aliyepangiwa kitanda cha juu Januari alibaki amepangiwa taa mpaka Desemba.

Watoto wadogo wanaumia zaidi. Watafiti wa Japani walilinganisha wanafunzi wa shule ya msingi na watu wazima chini ya taa zile zile za nyumbani, wakakuta melatonini ya watoto hushuka karibu mara mbili ya wakubwa, kwa kuwa mboni zao hufunguka zaidi na lenzi za macho yao ni safi, hupitisha bluu nyingi. Machi 2023 Serikali ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, kwa sababu umri ule unahitaji malezi ya wazazi. Nilishukuru. Lakini wa darasa la tano, la sita na la saba wamebaki, na ninapopita usiku jirani na baadhi ya shule za bweni za msingi naona madirisha yamewaka yote, hayana pazia, na nje kuna taa la mlingoti limeelekezwa ukutani badala ya chini.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa huku kuliko watu wa pwani. Saa ya nchi ni moja, lakini jua hufika kwetu likiwa limechelewa. Mwezi Julai jua la Mbeya huchomoza karibu saa 1 kamili asubuhi, kama nusu saa baada ya kuchomoza Dar es Salaam. Kengele ya kuamka katika shule nyingi za bweni hulia saa 10:30 au saa 11 alfajiri. Mtoto wa Mbeya anaamshwa saa mbili na zaidi kabla ya jua, usiku wake wa asili ukiwa bado haujaisha. Prepo, yaani kujisomea jioni, imeisha karibu saa 4 usiku. Ukitoa muda wa kuoga na kusali, zinabaki saa 6 za kulala, wakati wataalamu wa usingizi wanapendekeza saa 8 hadi 10 kwa umri wa miaka 13 hadi 18. Kuhusu kengele ya saa 10:30 nina maneno mengi, na nitayaandika siku nyingine. Leo nasema hivi: kama tumeamua kuwapa saa 6, basi ziwe saa 6 za usiku kweli.

Wapo watakaosema wazee wetu walisoma kwa koroboi na kulala jikoni penye moto, na walifaulu. Ni kweli, na ndiyo hoja yangu. Mwanga wa koroboi na wa moto ni mwekundu wa manjano, wenye bluu kidogo mno, na ulififia wenyewe. Watafiti waliowafuatilia Wahadza wa bonde la Ziwa Eyasi, pamoja na jamii nyingine zisizo na umeme za Namibia na Bolivia, waliandika mwaka 2015 kwamba watu hao hawalali jua likizama. Hukaa zaidi ya saa 3 ndipo usingizi huwapata. Kukaa macho jioni hakujaanza na umeme. Kilichokuja na umeme ni kulala ndani ya mchana.

Sasa nifike kwenye neno lile la mwalimu wa zamu: usalama. Hili silipiti haraka, kwa sababu mimi ni mtu wa Iringa. Agosti 2009 wasichana 12 walifariki katika moto wa bweni la Shule ya Sekondari Idodi. Hakuna matroni wa mkoa huu aliyelala vizuri baada ya habari ile, na hakuna anayestahili kudharauliwa akisema anaogopa giza la bweni. Nami naogopa. Lakini nilijiuliza: siku ya moto, tubulaiti inamsaidiaje mtoto? Moto wa umeme mara nyingi huzima taa. Moshi ukishuka, taa ya darini ndiyo ya kwanza kutoonekana. Kinachomtoa mtoto ni mlango unaofunguka kwa ndani bila kutafuta ufunguo, nondo za dirisha zinazofunguka, njia kati ya vitanda isiyo na masanduku, na mazoezi ya kutoka gizani yaliyofanywa mpaka miguu inajua njia yenyewe. Tubulaiti haijawahi kufungua kufuli.

Anayehitaji kwenda chooni usiku anahitaji kuona sakafu, hahitaji kuona dari. Taa ndogo ya rangi ya machungwa au nyekundu, iliyofungwa chini usawa wa goti karibu na kila mlango, inatosha, hasa ikiwa na betri yake ili iendelee umeme ukikatika. Kiranja wa bweni awe na tochi. Kuhusu wezi na wanaoruka uzio, taa ziwe kwenye uzio, zimeelekezwa chini, zimekingwa upande wa madirisha. Mlinzi anayeangaziwa usoni na taa kali haoni kilicho nyuma ya taa hiyo.

Na wapo watoto wanaoogopa. Tumeona shule za wasichana ambapo mmoja akipiga kelele usiku bweni zima linalipuka, na wazazi wanaitwa na wachungaji wanaitwa. Sifanyi mzaha na hofu ile. Katika shule yangu ya pili, mkuu wa shule aliponiruhusu kuzima, wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Wawili walilia. Nilivuta godoro langu nikalala karibu na mlango siku nne, taa ndogo pembeni yangu, na kila aliyeita nilimwitikia kwa jina lake. Wiki ya pili niliitwa mara moja. Wiki ya tatu nilirudi chumbani kwangu.

Hapo nilifanya mambo mawili tu. Saa 4 kasoro robo, wanaporudi kutoka prepo, nilizima tubulaiti nne kati ya sita, wakaoga na kupanga madaftari katika mwanga mdogo. Saa 4:20 nilizima zote. Nilifanya lile la kwanza kwa sababu mwanga wa kabla ya kulala nao una madhara yake: utafiti mmoja wa mwaka 2011 uliowahusisha watu 116 ulionyesha kwamba taa za kawaida za chumbani, chini ya luksi 200, zikiwaka jioni hadi muda wa kulala huchelewesha melatonini na kufupisha muda wake kwa karibu dakika 90. Prepo siwezi kuifanyia gizani, lakini ile nusu saa ya mwisho naweza kuiokoa.

Sitawadanganya kwamba ufaulu ulipanda kwa sababu ya swichi. Mwaka ule ule tulipata walimu wapya wawili wa sayansi, na heshima ni yao. Ninachoweza kuwaapia ni nilichokiona. Oktoba ilipokuja blanketi zilikuwa mabegani. Kanga zilirudi kuwa kanga. Kengele ya asubuhi ikilia, niliacha kuzunguka nikivuta watoto miguu. Wengi walikuwa wameshaketi. Na usiku, nikisimama mlangoni, nilisikia pumzi za watoto 70 zikienda pamoja, polepole, jambo ambalo sikulisikia hata mara moja katika lile bweni la kwanza.

Tena ni watoto ambao simu hawana. Nyumbani kwangu siwezi kumshinda mjukuu wangu na simu yake saa 5 usiku. Bwenini simu tumezikataza, televisheni haipo, kelele za baa hazipo. Hakuna mahali katika nchi hii ambapo ni rahisi zaidi kumpa kijana usiku mzuri, na tunauharibu kwa mkono wetu wenyewe.

Kwa wajumbe wa bodi na wahasibu: tubulaiti 6 za wati 36 zikiwaka saa 6 ambazo hakuna anayezihitaji hula karibu uniti 1.3. Shule yenye mabweni 8 inapoteza uniti 10 kila usiku, karibu 300 kwa mwezi. Fedha hiyo ndiyo ya kununulia taa ndogo za milangoni na mapazia mazito ya madirisha. Na mnapobadilisha taa, someni boksi. Penye namba yenye herufi K, ile 6500 ni nyeupe ya bluu, nzuri kwa darasa. Kwa bweni chukueni 3000 au chini yake, ya manjano. Chama cha Madaktari cha Marekani kilitoa ushauri wa namna hiyo mwaka 2016 kuhusu taa za LED za barabarani, kwamba zisizidi 3000 na zikingwe zisimulike nyumba za watu. Kama nguzo ya barabara inahitaji adabu hiyo, dari ya bweni inaihitaji zaidi.

Wathibiti ubora, ninyi nawaomba kwa namna ya pekee. Mnapokuja kukagua mnahesabu vitanda, matundu ya vyoo, nafasi kati ya kitanda na kitanda, na mnafanya kazi hiyo kwa haki. Lakini mnakuja mchana. Bweni mchana halina watoto na halina usiku. Wekeni katika fomu yenu mstari mmoja: taa kuu huzimwa saa ngapi, na taa ya mlangoni iko wapi. Mkuu wa shule akijua ataulizwa, atazima.

Wakuu wa shule, ninyi hamhitaji waraka kutoka popote. Swichi iko kwenye ukuta wenu. Muhula ujao ukifunguliwa, chagueni usiku mmoja kabla hamjaamua lolote. Chukueni blanketi, muingie bweni la vijana mkiwa mkuu wa wavulana, la mabinti mkiwa mama mkuu, mpande kitanda cha juu chini ya tubulaiti, mlale hapo kuanzia saa 4 mpaka kengele. Kisha asubuhi ile ile mwingie darasani, kipindi cha kwanza, mkae dawati la nyuma, msikilize hisabati.

Wenu katika malezi,

Matroni mstaafu,
Iringa